Filamu ya asetati kwa kusomea mbegu za kale: kongwe, ya bei ndogo, na bado haina mpinzani kwenye kalisaiti

Bidhaa inayopimwa hapa ni filamu ya asetati ya selulosi, plastiki angavu yenye unene wa maikromita 75, ile ile inayouzwa kwa wachoraji na watengenezaji wa mifano ya majengo, kwa karatasi moja moja au kwa roli. Katika maabara za mimea ya kale kazi yake ni moja: kunyanyua tabaka jembamba la kuta za seli kutoka kwenye uso wa jiwe, ili mbegu iliyozikwa miaka milioni 300 iliyopita isomeke kwa hadubini, seli baada ya seli. Njia yenyewe ilianza na John Walton mwaka 1928, aliyekuwa akimimina myeyusho wa selulosi juu ya jiwe na kuusubiri ukauke. Mwaka 1956 Joy, Willis na Lacey wakaileta filamu iliyokwisha kutengenezwa kiwandani, ikilainishwa kwa asetoni, na kazi ya siku ikawa ya nusu saa. Tangu hapo kilichobadilika ni kidogo sana.

Hukumu tunaitoa mapema. Kwa mbegu zilizojazwa kalisaiti, madini ya chokaa, hasa zile za madonge ya makaa ya mawe, hakuna kitu cha bei hii kinachoikaribia, na hata skana za eksirei huachwa nyuma pale inapohusika zaidi, yaani kwenye ukuta wa seli. Kwa mbegu za aina nyingine ni kutupa pesa. Kwa chache ni uharibifu wa mali isiyorudi.

Madonge hayo, ambayo ni mawe yaliyojaa mabaki ya mimea na si makaa yenyewe, hupatikana ndani ya matabaka ya makaa ya mawe ya kipindi cha Kaboniferasi, kwa wingi huko Illinois, Iowa na Kansas nchini Marekani, na Lancashire na Yorkshire nchini Uingereza. Majani, mizizi na mbegu zilizoanguka kwenye kinamasi zilijaa kalisaiti kabla uzito wa tope la juu haujaziponda. Nafasi iliyokuwa na utomvu wa seli sasa ina madini, lakini ukuta wenyewe bado ni mabaki ya mmea, yenye kaboni. Hapo ndipo penye siri yote ya filamu: asidi hafifu hula kalisaiti na kuziacha kuta zimesimama, asetoni huilainisha filamu ikazikumbatia, na ikikauka unaivua pamoja nazo.

Njia iliyotangulia ilikuwa kukata jiwe kwa msumeno, kubandika kipande kwenye kioo na kukisaga mpaka mwanga upenye. James Lomax wa Lancashire alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na mbegu ya Lagenostoma lomaxii imebeba jina lake. Kwa vipande vya namna hiyo F. W. Oliver na D. H. Scott walionyesha mwaka 1903 kwamba mbegu hiyo ni ya Lyginopteris, mmea wenye majani yanayofanana na ya kangaga: vitezi vyenye kichwa cha mviringo vilivyo kwenye kikombe kinachoizunguka mbegu ndivyo hivyo hivyo vilivyo kwenye shina na majani yake. Kazi ilikuwa kubwa, ila hesabu yake inauma. Mbegu ile ina urefu wa milimita 5 na nusu hivi. Msumeno ukila milimita 1 kila mkato, na kipande nacho kikitaka unene wake, unaambulia picha mbili tatu za mbegu nzima. Filamu hula makumi machache ya maikromita kila hatua. Ukihesabu maikromita 50, mbegu hiyo hiyo inakupa picha zaidi ya mia.

Tuanze na dukani, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Karatasi angavu za projekta na za majalada mara nyingi huuzwa kwa jina la asetati ilhali ni poliesta. Poliesta haiguswi na asetoni, na filamu isiyolainika haitashika chochote. Jipatie kipande cha majaribio, kidondoshee tone moja la asetoni, subiri sekunde 10, kisha kiguse kwa ncha ya kibano. Asetati halisi itanata na kubaki na alama, poliesta haitabadilika. Aina yenye ukungu upande mmoja usiinunue kabisa, hata ikiwa nusu bei, maana ukungu ule utaonekana kwenye kila picha.

Kuhusu unene, maikromita 75 ndio uwiano mzuri. Ile ya 25 hukauka upesi na hushika kuta nyembamba vizuri mno, lakini hujikunja ukiilaza na huchanika ukiivua kwenye jiwe kubwa kuliko kiganja. Ile ya 125 haijikunji, ila ni ngumu, haishuki kwenye vibonde vya uso na huchelewa kukauka. Ukipata fedha ya kununua aina mbili, chukua ya 75 kwa kazi ya kila siku na karatasi chache za 25 kwa mbegu ndogo.

Asetoni iwe safi ya maabara. Ile ya kuondolea rangi ya kucha ina maji, manukato na mara nyingine mafuta, na vyote hivyo vitaganda ndani ya filamu. Asidi ni hidrokloriki ya asilimia 5. Kutoka kwenye chupa ya asilimia 37, mimina mililita 115 hivi ndani ya maji, kisha ongeza maji mengine mpaka itimie lita 1. Asidi huingizwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Miwani na glavu ni lazima, na asetoni haikai chumba kimoja na jiko, sigara wala kikausha nywele.

Uso wa jiwe husagwa juu ya bamba la kioo kwa unga wa silikoni kabaidi: namba 220 kufuta alama za msumeno, kisha 400, na kumalizia 600. Kila ukibadilisha namba, osha jiwe, kioo na mikono. Chembe moja ya 220 ikibaki itachora mistari mpaka mwisho wa kazi. Baada ya hapo jiwe linashikwa uso chini ndani ya trei ya asidi kwa sekunde 15 hadi 30, likitikiswa taratibu. Kutikisa si mapambo. Asidi ikila kalisaiti hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na kiputo kikitulia mahali pamoja hukinga uso, ukapata doa la mviringo lisilo na seli. Donge lenye dolomaiti nyingi, madini ndugu ya kalisaiti yenye magnesiamu, huhitaji muda zaidi kwa sababu dolomaiti huyeyuka polepole kwenye asidi baridi.

Likitoka, lizamishwe kwenye maji yaliyotulia, si chini ya bomba linalotiririka kwa nguvu. Kuanzia dakika hiyo uso hauguswi hata kwa unywele wa brashi; kuta zimesimama peke yake, hazina kinachozishikilia ubavuni. Liegemeze lichuruzike, limwagie asetoni kidogo ili ifukuze maji yaliyosalia, kisha lilaze kwenye trei ya mchanga uso ukiwa sawasawa. Kata filamu iliyozidi jiwe kwa sentimita 1 kila upande. Mimina asetoni mpaka uso wote ufunikwe, ipinde filamu iwe na tumbo, tumbo liguse kwanza katikati, halafu achia mabawa yashuke yenyewe. Wimbi la asetoni litasukuma hewa kwenda pembeni. Usiikandamize kwa vidole. Nusu saa hutosha kwa jiwe dogo. Saa nzima ni salama zaidi. Ivue kuanzia kona, kwa pembe ndogo, bila kusimama katikati, kwa sababu kila unaposimama hubaki mstari.

Kinachoharibika mara nyingi zaidi ni ukungu mweupe. Asetoni inapopotea kwa kasi huupoza uso, unyevu wa hewa unatonea pale, na asetati iliyolainika ikikutana na maji hugeuka nyeupe. Mtu anayefanya kazi hii Mombasa, Tanga au Dar es Salaam wakati wa masika atakutana nao kuliko mwenzake wa Nairobi. Dawa yake ni chumba chenye kiyoyozi, jiwe lililokauka kweli kweli, na kifuniko juu ya trei kilichoachwa upenyo mdogo ili asetoni ipotee polepole. Filamu iliyokwisha kuwa nyeupe haitengenezeki, saga upya.

Makosa mengine husomeka kwenye picha yenyewe. Kuta zote zikilala upande mmoja, ama asidi ilikaa sana, ama maji ya kusuuza yalikuwa na nguvu. Picha ikiwa hafifu, asidi ilikaa kidogo. Ukiona kila ukuta una kivuli chake pembeni, masalio ya hatua iliyopita hayakusagwa yakaisha: baada ya kila filamu jiwe lirudi kwenye unga wa 600 mpaka uso uwe na mng'ao mmoja. Vipande vyeusi vinavyotoboa filamu ni pairaiti, madini ya chuma na salfa ambayo asidi hidrokloriki hafifu haiyayeyushi. Donge lililojaa pairaiti lina balaa la pili: ghalani, kwenye unyevu, pairaiti hugeuka salfati na asidi, na jiwe hupasuka lenyewe. Hilo lifanyiwe kazi mapema, lisiwekwe akiba.

Sasa mbegu zenyewe. Filamu hulipa gharama yake pale unapojua unachokitafuta, na mbegu nzuri ya kuanzia ni Pachytesta, ya mimea ya kundi la Medullosa, nayo ya kale yenye mbegu na majani kama ya kangaga. Ni kubwa, baadhi huvuka sentimita 5, na ganda lake lina matabaka matatu yanayotofautiana waziwazi. La nje, sakotesta, ni la seli zenye kuta nyembamba; la kati, sklerotesta, ni la nyuzi ngumu; la ndani kabisa, endotesta, ni jembamba. Ukikata kwa mlalo katikati utaona mbavu tatu za sklerotesta zikigawa mbegu sawa kwa sawa. Mbavu hizo ndizo zinazoiunganisha na Trigonocarpus, yale maumbo ya mawe yenye mistari mitatu yanayookotwa kwenye mawe ya mchanga: ni mjazo wa ndani wa mbegu ya namna hii baada ya ganda laini kuoza.

Hapo kuna mtego. Sakotesta ilikuwa ya kwanza kuoza kinamasini, mara nyingi kabla kalisaiti haijafika. Kutoiona kwenye filamu si ushahidi kwamba haikuwepo. Tazama ukingo wa nje wa sklerotesta: ukiwa na mabaki ya seli nyembamba zilizochanika, tabaka lilikuwepo na limeliwa. Ukiwa laini mahali pote kwenye mbegu nyingi za donge moja, hapo ndipo unaweza kuanza kusema jambo.

Asidi nayo haitendi sawa kwa matabaka yote. Sklerotesta hustahimili sekunde 30 bila kulala. Nusela, tishu iliyo ndani ya ganda inayoizunguka megaspora (spora kubwa ya kike), ina kuta nyembamba na huanguka. Kwa hiyo uso mmoja upewe filamu mbili: moja ya sekunde 10 hadi 15 kwa ajili ya nusela, ya pili ya sekunde 25 kwa ajili ya ganda. Anayetumia muda mmoja kwa vyote huishia na ganda zuri na nusela isiyosomeka, halafu analaumu filamu.

Na nusela ndiyo yenye jibu la swali kuu la ukoo, yaani mbegu ni ya kundi gani la mimea. Katika Pachytesta imejitenga na ganda, imeshikana nalo kwenye kitako tu, na ina mishipa yake yenyewe mbali na ile ya sakotesta. Katika Lagenostoma nusela na ganda vimeungana karibu mpaka juu, vikaachana kwenye ncha tu. Tofauti hiyo haionekani kwa nje, wala kwenye mkato mmoja wa bahati. Inahitaji mfululizo wa mikato ya mlalo kutoka ncha kwenda kitako, na kwa mfululizo wa namna hiyo filamu haina mshindani.

Ncha ndiyo sehemu ya kutopitisha hata hatua moja. Kwenye Lagenostoma kilele cha nusela kina chumba cha chavua chenye nguzo katikati, na nguzo hiyo ni nyembamba kiasi kwamba mkato wa wima uliokosea kidogo tu utaipita kando na kukuonyesha chumba kitupu. Chavua ya Medullosa ni kubwa isivyo kawaida, kuanzia maikromita 100 hadi mia kadhaa, hivyo kwa hatua za maikromita 50 chembe moja itatokea kwenye filamu mbili au zaidi. Ikitokea kwenye moja tu, ishuku.

Kiinitete ni habari nyingine. Ndani ya mbegu za Kaboniferasi ni adimu mno, na wanaodhani wamekipata mara nyingi wameona kijizi cha Stigmaria, sehemu ya chini ya ardhi ya miti mikubwa ya vinamasi vile. Vijizi hivi vilipenya kila kitu kwenye mboji, mbegu zikiwemo. Alama yake ni duara lenye uwazi mpana na kifungu kimoja kidogo cha mishipa ndani. Kifuate kwenye filamu zinazofuata: kikitoka nje ya ganda kupitia ufa, furaha imekwisha.

Kuhusu ushindani wa skana. Skana ya mikro-CT ya maabara, inayotumia eksirei kuonyesha ndani ya kitu bila kukikata, hugawa upana wa kitu katika takriban nukta 2,000. Mbegu ya sentimita 4 itakuwa na nukta za maikromita 20, na ukuta wa seli wa maikromita chache hupotea ndani yake. Pairaiti nayo hutupa mistari mieupe kwenye picha nzima. Filamu ikipitishwa kwenye skana ya kawaida ya mezani yenye taa ya juu, kwa nukta 2,400 kwa inchi, inakupa takriban maikromita 10 kwa nukta kabla hujagusa hadubini. Hata hivyo skana ina jambo moja ambalo filamu haitakuwa nalo kamwe: jiwe linabaki. Ukimaliza mfululizo wa filamu, mbegu haipo tena, ipo kwenye bahasha.

Kwa sababu hiyo kuna vitu ambavyo filamu hii haifai kuvikaribia. Mbegu ndogo za kipindi cha Kretasia zilizogeuka mkaa, kama zile za Ureno na mashariki ya Marekani, hazina madini ya kuyeyusha. Kwa hizo njia ni eksirei kali za sinkrotroni, mtambo mkubwa wa kuongezea elektroni kasi, zilizomwezesha Else Marie Friis na wenzake kuonyesha mwaka 2015 viinitete vidogo na endospemu (tishu ya chakula cha kiinitete) ndani ya mbegu za mimea ya maua ya miaka zaidi ya milioni 100. Mbegu zilizojazwa silika, madini ya mchanga na gumegume, zinahitaji asidi hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kuua. Asiye na maabara iliyojengwa kwa ajili yake asiifikirie. Mabaki yaliyobanwa kwenye tope la ziwa, kama maganda ya jamii ya kunde ya Mahenge huko Singida yenye umri wa miaka milioni 46, hayana seli zilizojazwa kalisaiti za kuinuliwa.

Rusinga, ndani ya Ziwa Victoria, ndiko kunakoleta kishawishi. Matunda na mbegu za kipindi cha Miosini za kisiwa hicho, zilizoelezwa na Kathleen Chesters mwaka 1957, zimehifadhiwa kwa kalisaiti, na mtu mwenye filamu mkononi ataona zimemwita. Aache. Nyingi ni za kipekee, na visukuku vya Kenya viko chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006. Hapo ni skana kwanza, na kukata ni uamuzi wa makumbusho, si wa mtumiaji wa filamu.

Udhaifu wa mwisho ni uhifadhi. Asetati ya selulosi huoza kwa joto na unyevu na kutoa harufu ya siki. Watunzaji wa filamu za sinema wanaijua vizuri. Bahasha ziwe za karatasi, si mifuko ya plastiki iliyofungwa, na chumba kiwe kikavu na baridi. Kabla ya kuivua kila filamu, andika juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika namba ya donge, herufi ya kipande, upande wa juu au wa chini, na namba ya mfululizo, kisha kata kona moja ile ile kila mara. Filamu ikitazamwa kutoka upande wake laini huonyesha jiwe lilivyo. Ikigeuzwa, kulia huwa kushoto, na mfululizo uliochanganya pande mbili hauunganishiki kwenye kompyuta. Asetati pia husinyaa kidogo ikikauka, basi toboa matundu mawili madogo kwenye jiwe, nje ya mbegu, yawe alama za kupanganisha. Kila baada ya filamu 10 pima unene wa jiwe kwa kalipa, ugawe upungufu kwa 10. Makadirio ya kichwani hayatoshi.

Kiasi cha kuagiza: kwa Pachytesta ya sentimita 4, hatua za maikromita 50 kuanzia mwanzo hadi mwisho ni filamu 800, na hakuna haja. Fanya mfululizo kamili kwenye milimita 5 za ncha, yaani filamu 100, kisha moja kila nusu milimita kwenye sehemu iliyobaki, 70. Karatasi ya A4 hutoa vipande 12 vya sentimita 6 kwa 6, hivyo 170 zinataka karatasi 15. Agiza 20 kama chumba chako kina kiyoyozi, na 30 kama hakina.